Nyayo Gani?

Kabla ya mwaka 1978, nyayo kwetu zilikuwa za miguu. Nyanya yangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi kwenye kibaraza cha nyumba yetu, Majengo, Mombasa, na nyayo zake zilikuwa zimepasuka magaga kwa kusimama alfajiri juu ya sakafu ya saruji. Kila usiku alizipaka mafuta ya nazi huku akizisemeza. Neno lilikuwa na kazi hiyo, na nyingine moja ya ufuoni: alama anayoiacha mtu mchangani, ambayo maji yakijaa hufutika. Hakuna aliyedhani neno la chini hivyo lingepanda ghorofani.

Mzee Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti mwaka huo, papo hapo Mombasa, katika Ikulu ya pwani. Makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa siku hiyo hiyo kukaimu, na Oktoba akawa rais kamili. Wasiwasi ulikuwapo. Mwaka 1976 wanasiasa wenye nguvu walikuwa wamejaribu kuibadili katiba ili makamu asikirithi kiti hivi hivi, na watu wazima pale kibarazani waliokuwa wakinywa chai ya nyanya walijua vizuri kwamba waliomtaka si wote. Kwa hiyo alichosema Moi kilikuwa ni kitu ambacho hakuna upande ungeweza kukikataa hadharani: atafuata nyayo za Mzee.

Kisha sentensi ile ikaanza kukatwa. Mimi niliyekuja kula kwa kupanga herufi za chapa, jambo hilo nalifikiria mpaka leo, maana sisi wapangaji tunajua thamani ya kila neno linaloondolewa. Kwanza ilikuwa "tutafuata nyayo za Mzee". Ikawa "tufuate nyayo". Kisha ikabaki "Nyayo!" peke yake, mkutanoni, umati ukiitika kwa neno hilo hilo. Mzee mwenyewe kadondoka njiani. Mwenye nyayo hakutajwa tena, na aliyekuwa akizifuata ndiye akawa Nyayo. Sidhani kama kulikuwa na mtu aliyekaa ofisini akalipanga. Kelele za viwanjani hufupisha maneno. Lakini wajanja waliliona lilikofikia na wakaliacha hapo.

Nyanya alipoisikia lakabu hiyo redioni mara ya kwanza alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Huyu naye kajiita mguu," alisema. Ami yangu, ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa likizo kutoka Nairobi alikofanya kazi ya reli, naye akacheka. Nataka nilitaje hilo kwa sababu baadaye watu walisahau: mwanzoni lakabu ile ilichekewa bila woga, tena kwa mapenzi. Desemba 1978 wafungwa wote wa kisiasa waliokuwa kizuizini bila kushtakiwa waliachiliwa, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mmoja wao. Rais alisimamisha msafara barabarani akazungumza na wauza ndizi kwa Kiswahili. Falsafa ya Nyayo ilielezwa kwa maneno matatu, amani, upendo na umoja, na nani angeyakataa hayo?

Halafu yakaja maziwa.

Mwaka 1979 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, na rais akatangaza kwamba watoto wote wa shule za msingi watapewa maziwa bure. Nilikuwa darasa la tatu. Yalitoka kwa KCC, kiwanda cha maziwa cha taifa, katika pakiti za karatasi ngumu za mililita 200 zenye pembe nne, umbo la sambusa iliyovimba, na yalikuwa yametengenezwa yasiharibike bila friji, jambo ambalo kwa joto la Mombasa lilikuwa muujiza. Lori likigeuka kona tu, shule nzima ilijua. "Nyayo imekuja!" Hatukusema maziwa. Hakuna mtoto wa shule yetu aliyesema maziwa. Tulikuwa na maziwa ya ng'ombe ya mwuzaji wa mtaani, hayo ndiyo yaliitwa maziwa. Yale ya lori yalikuwa Nyayo.

Pakiti ulikuwa huifungui, ulikuwa unaing'ata. Pembe moja inakatwa kwa meno, unafyonza mpaka karatasi inajikunja, na ukimaliza unaipuliza ijae hewa, unaiweka chini na kuikanyaga kwa kisigino. Paa! Watoto mia kadhaa wakikanyaga kwa pamoja, wazee wa msikiti wa jirani walikuwa wakituma ujumbe kwa mwalimu mkuu. Matumbo mengine hayakuyazoea na foleni ya chooni siku ya Nyayo ilikuwa na sifa zake. Mama mmoja jirani alikusanya pakiti tupu akaotesha miche ya mipapai ndani yake, naye mipapai hiyo akaiita ya Nyayo, na ilipozaa akauza mapapai ya Nyayo. Hapo tayari jina lilikuwa limetoka kwa rais, likapita kwa ng'ombe wa bara, likaingia tunda la Majengo, na hakuna aliyeona ajabu.

Sokoni Mwembe Tayari lilipata maana nyingine. Mnunuzi akikandamiza bei kupita kiasi, mwuzaji alimwuliza: "Wataka ya Nyayo?" Yaani wataka bure. Kijana asiyechangia chochote nyumbani, akila na kulala, aliambiwa anaishi Nyayo. Maana hii ilikuwa na utani wenye sumu kidogo ndani yake, kwani kila mtu alijua hakuna cha bure kabisa, na kwamba kuna siku tulipangwa kando ya barabara juani tangu asubuhi, bendera za karatasi mkononi, tukisubiri msafara uelekeao kufungua Maonyesho ya Kilimo. Walimu walitukumbusha waziwazi: mmekunywa maziwa, pungeni bendera.

Darasani mwetu kulikuwa na mvulana mwenye miguu mikubwa kuliko umri wake. Alikuja shule bila viatu, na uwanja wetu ulikuwa wa mchanga, kwa hiyo ukifika asubuhi uliweza kujua kama ameshafika kwa kutazama chini. Tulimpa jina la kupanga, Nyayo, na sina hakika kama tulilitoa kwa rais au kwa mchanga. Yeye ndiye aliyechaguliwa kubeba makreti ya maziwa kutoka kwenye lori kwa sababu ya nguvu zake. Basi tulikuwa na Nyayo aliyebeba Nyayo iliyotoka kwa Nyayo, na mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Lamu mwenye kupenda mambo hayo, aliifanya sentensi hiyo zoezi la upatanisho wa kisarufi. Amebeba, imetoka, zimepasuka. Ukitaja kiambishi sawasawa, alituambia, huhitaji kuuliza ni Nyayo gani.

Somo hilo nilikuja kulikumbuka Nairobi, mahali ambapo lilikuwa na hatari.

Kabla sijafika huko, Agosti 1982. Juni ya mwaka huo Kenya ilikuwa imefanywa kisheria nchi ya chama kimoja. Tarehe mosi Agosti, Jumapili, baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Mombasa hatukuona risasi, tuliona redio. Sauti ya Kenya ilinyamaza, ikapiga muziki, ikasema mambo mageni, kisha ikarudi kusema yale ya kawaida. Nilipoirudia shule Septemba nilikuta mambo mawili yamebadilika. Kupasua pakiti za maziwa kumepigwa marufuku, kwa kuwa mlio wake haukupendeza tena masikioni mwa wakubwa. Na mwalimu mkuu akatangaza paredini, akimtazama mwenzetu wa makreti, kwamba jina lile asiitwe tena mwanafunzi yeyote. "Nyayo ni mmoja," alisema.

Watoto hawana adabu ya kuacha jambo. Kufikia saa nne, mwenzetu alikuwa na jina jipya: Yule Mwingine.

Tangu hapo neno lilianza kuwa zito. Liliingia katika kipimo cha watu: huyu ni mfuasi wa Nyayo, yule ni mpinga Nyayo. Ukiitwa mpinga Nyayo katika mkutano wa tawi la KANU, chama tawala, ungeweza kufukuzwa chamani, na nje ya chama hakukuwa na siasa nyingine, wala kwa wengi hakukuwa na kazi. Mwaka 1984, alipotoka Addis Ababa, rais aliwaambia mawaziri wake waziwazi kwamba anawataka waimbe wimbo wake kama kasuku, jinsi yeye alivyoimba wa Kenyatta. Picha yake ilikuwa katika kila duka. Nilimwona mwenye duka mmoja mtaani akimtisha mpangaji aliyedaiwa kodi kwamba atamshtaki kuwa mpinga Nyayo, na kodi ikalipwa siku hiyo hiyo. Neno ambalo jana lilimaanisha bure, sasa lilidai madeni.

Na serikali yenyewe haikuchoka kulitumia. Mwaka 1983 ukamalizika uwanja wa michezo Nairobi, ukaitwa Nyayo. Likainuka jengo la serikali kwenye kona ya barabara za Kenyatta na Uhuru, ghorofa zaidi ya ishirini, likaitwa Nyayo. Hospitali zikajengewa wodi kwa harambee, zikaitwa za Nyayo. Mwaka 1986 yakaja mabasi ya Nyayo, mikanda ya chai ya Nyayo kuzunguka misitu, na kitabu cha rais mwenyewe kuhusu falsafa ya Nyayo. Bara watu walijaza mawe mabondeni kuzuia mmomonyoko wa udongo, nayo hiyo ikawa kazi ya Nyayo. Wanaosema kwamba ni vijana wa mitaani walioliharibu neno hilo kwa kulipa maana nyingi hawakumbuki vizuri. Aliyelitawanya ni mwenye kulitukuza. Sisi wa chini tulichofanya ni kuokota.

Nilikwenda Nairobi mapema mwaka 1988, baada ya kidato cha nne, nikakaa kwa ami katika nyumba za reli, Makongeni. Ami alinipatia kibarua katika karakana ndogo ya chapa karibu na River Road. Palikuwa na mashine moja ya Heidelberg, mashine ndogo ya kukanyaga kwa mguu, na makasha ya mbao yenye herufi za risasi. Nilifundishwa na mzee mmoja, fundi wa Machakos, aliyepanga herufi tangu zama za Mwingereza na aliyeweza kusoma mstari kinyumenyume upesi kuliko mimi ninavyousoma sawasawa.

Ulikuwa mwaka wa Miaka Kumi ya Nyayo. Nchi nzima ilikuwa ikitayarisha sherehe. Katika bustani iliyo kando ya Uhuru Park palikuwa pakijengwa mnara ambao uko mpaka leo, ngumi imeshika rungu ikitokeza juu ya mlima. Na kila shule, kila chama cha akina mama, kila kampuni iliyotaka kuonekana ilihitaji kadi, kalenda, mabango na programu. Kazi ilikuwa nyingi kiasi kwamba tulilala karakanani. Tatizo letu lilikuwa herufi Y. Herufi zile kubwa za vichwa vya habari zilinunuliwa kwa seti zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza, na Mwingereza hana haja kubwa na Y. Kila kasha lilikuwa na chache. NYAYO moja inakula mbili. Ukipanga bango lenye NYAYO juu na NYAYO chini, umemaliza, na hujaandika SIKU YA wala chochote. Mzee alinituma kwa wapiga chapa wenzetu mtaani kuazima, nikawakuta nao wamemtuma kijana wao kuja kwetu. Tulikutana njiani.

Mabasi ya Nyayo yalikuwa baraka, na sitaki mtu anayesimulia miaka ile aseme vinginevyo. Yaliendeshwa chini ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, vijana wenye sare wakikata tiketi, na nauli ilikuwa nafuu kuliko ya mabasi ya kampuni na matatu. Kondakta hakukusukuma wala hakukutukana. Asubuhi Makongeni swali lilikuwa moja: "Nyayo imepita?" Wanafunzi, wafanyakazi wa viwandani na wauza mboga waliyangoja hata yalipochelewa, na yalipojaa walining'inia.

Nilifika kazini asubuhi moja nikimweleza mzee kwa nini nimechelewa. "Nyayo limeharibika pale Jogoo Road," nikasema, nikiwa na maana ya basi, kwa upatanisho ule ule wa mwalimu wangu wa Lamu. Mzee akatazama mlangoni kwanza. Kisha akaniambia jambo ambalo mwalimu hakunifundisha.

"Kijana, wewe mtu wa pwani una ngeli nyingi. Huku usiziweke zote. Sema 'imeharibika', basi."

"Lakini mzee, basi ni li-."

"Na mtu ni a-. Ukijizoesha kutofautisha, siku ulimi ukiteleza utaulizwa. Sisi hapa kila kitu ni i-. Nyayo imekuja, Nyayo imekwenda, Nyayo imezidi. Nani atajua umesema nini?"

Watu wa pwani tumezoea kukicheka Kiswahili cha Nairobi, kile cha kutia kila nomino katika kapu la i- na zi-. Mimi mwenyewe nilikuwa nakicheka. Siku hiyo nilianza kukisikiliza kwa makini, na nikagundua kwamba katika neno hili moja uvivu wao wa sarufi ulikuwa na akili. Mtu kwenye foleni ya unga aliweza kusema kwa sauti "Nyayo imechosha," na kama kulikuwa na masikio, alikuwa na basi la kujisitiri nyuma yake. "Nyayo ikiisha tutakula nini?" Maziwa. "Nyayo inavuja." Wodi. Kila kitu ambacho serikali ilikibandika jina lile kiliwapa wananchi mahali pengine pa kujificha. Sarufi safi ya pwani ingewafichua wote kufikia saa sita mchana.

Na kujificha kulihitajika. Tangu mwaka 1986 serikali ilikuwa ikiwasaka watu wa Mwakenya, kundi la siri, na wengi walifungwa kwa kosa la kukutwa na karatasi. Karatasi! Karakana ya chapa katika miaka hiyo ilikuwa mahali ambapo mwenye nyumba alikagua hata karatasi za prufu zilizotupwa, akazichoma mwenyewe. Ndipo maana ya mwisho ya neno, ile ambayo haikubandikwa na mtu yeyote wa itifaki, ilipoanza kusikika. Chini ya jengo lile kubwa la ghorofa, katika vyumba vya chini ya ardhi, watu walikuwa wakiwekwa gizani, wakipigwa, wakiachwa ndani ya maji mpaka ngozi iharibike, halafu wakitolewa kwenda kukiri mahakamani, mara nyingine jioni baada ya saa za kazi. Hayo yote leo yako katika kumbukumbu za mahakama. Wakati ule yalikuwa katika namna ya kutamka tu. "Yuko Nyayo." Bila ya, bila la, bila i-. Jina likisimama hivyo peke yake, bila kiambishi, bila kitenzi cha kulisaidia, hata mtu aliyetoka Mombasa juzi alielewa kwamba haliulizwi.

Jambo la kutatanisha, na ambalo wageni hawaliamini nikiwasimulia, ni kwamba jengo hilo hilo ndilo lililokuwa na idara ya uhamiaji. Kwa hiyo kwa watu wangu wa pwani, "kwenda Nyayo" kulikuwa pia kufuatia pasipoti. Vijana wa Majengo waliotaka kwenda Oman na Dubai kutafuta kazi walifikia kwa ami, wakalala chini sebuleni, na asubuhi wakaaga: "Twaenda Nyayo." Ami aliwajibu kila mara, "Juu, inshallah." Walidhani anawaombea kufanikiwa.

Gari nalo lilikuja. Mwaka 1986 rais alikuwa amekiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa la mwendo wa pole, hata likiwa halipendezi. Februari 1990 magari matano yaitwayo Nyayo Pioneer yakaonyeshwa katika uwanja wa Kasarani. Vipuri vingine vilichongwa katika karakana za reli, na ami, ambaye kwa kawaida hakuwa na neno zuri kwa siasa, aliyasifu kwa juma zima. Aliwajua mafundi, alijua walivyokesha. Mtaani yalichekwa tangu siku ya kwanza, na hadithi kwamba gari lilikataa kuwaka mbele ya rais zilisimuliwa kwa namna nyingi mno kuaminika. Kilicho hakika ni kwamba halikuwahi kuuzwa hata moja. Pale karakanani mteja aliyeahidi kuleta pesa Jumatatu na asionekane tulimwita Pioneer. Ami alikasirika akitusikia. Nadhani alikuwa na haki: kati ya vitu vyote vilivyopewa lile jina, gari lile lilichekwa zaidi ingawa walioliunda walifanya kazi ya kweli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Maandamano ya Saba Saba ya 1990 ya kudai vyama vingi, vidole viwili angani badala ya kimoja cha KANU, kufutwa kwa kifungu cha chama kimoja Desemba 1991, uchaguzi wa Desemba 1992. Pesa za kampeni zilimwagwa na YK'92, kundi la vijana waliompigia Moi debe, kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ikaitwa Jirongo, jina la kiongozi wao Cyrus Jirongo, na ikaendelea kuitwa hivyo miaka mingi. Nairobi ndivyo ilivyo: ukubwa wa mtu hupimwa kwa kitu kinachopewa jina lake. Mabasi yalikufa moja moja, kwa ukosefu wa vipuri na wingi wa mikono, na kufikia katikati ya miaka ya tisini hukuyaona tena. Maziwa yalianza kufika kwa kubahatisha, kisha hayakufika. Woga nao ulipungua, na kwa kuwa hakukuwa tena na haja ya kujificha, nilisikia watu wakianza kusema "Moi" wazi, hata matusini. Lakabu ikabaki na kazi nyepesi.

Alikabidhi madaraka Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002, mbele ya umati uliomrushia vipande vya udongo na kumzomea. Nilikuwapo. Katika kelele zote za siku hiyo sikusikia mtu hata mmoja akimwita Nyayo.

Februari 2003 vyumba vya chini vya jengo vilifunguliwa umma ukavitazama, waliowahi kufungiwa humo wakiwaonyesha waandishi mlango kwa mlango. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliwapa fidia watu 21 kati yao. Uwanja wa michezo mwaka 2009 uliuzwa jina kwa kampuni ya soda, Coca-Cola, lakini makanga wa Lang'ata Road hawakubadili hata silabi, wakaendelea kuita "Nyayo! Nyayo!" na mkataba wenyewe haukudumu. Embakasi kuna mtaa wa nyumba uliojengwa na hazina ya malipo ya uzeeni, NSSF, unaitwa Nyayo Estate, na kwa mpwa wangu aliyezaliwa huko neno hilo halina historia: ni geti, mlinzi na maji yanayokatika Jumamosi. Akisema "niko Nyayo" kwenye simu, mimi bado nasitasita kidogo kabla ya kujibu. Yeye hajui kwa nini, nami sijaona sababu ya kumweleza kwenye simu.

Moi alifariki tarehe 4 Februari 2020. Asubuhi hiyo nilikuwa Mombasa. Sisi tuliosoma pamoja tuna kikundi chetu cha simu, na habari ilipoingia hakuna aliyeandika juu ya KANU wala juu ya jengo. Waliandika juu ya maziwa, yalikuwa matamu au hayakuwa, pembe ipi uliing'ata, nani alikunywa ya nani. Ubishi ulikuwa mkali. Mmoja, sasa hakimu mstaafu, aliapa kwamba yalikuwa na ladha ya chokoleti, na akapingwa na kikundi kizima. Kisha mtu akapata wazo la kumpigia simu mwenzetu wa makreti, anayetengeneza mashine za boti Kisauni na asiyetaka kujiunga na kikundi chochote, ampe pole ya msiba.

Alipokea katikati ya kazi, injini ikinguruma nyuma yake. "Mimi ni Yule Mwingine," akasema. "Huyo mwenye maziwa mtafuteni kwao." Akakata simu.